Akiba ya uzeeni Marekani hulipiwa FICA inapoingia, si inapotoka

Wiki hii ukurasa huu unaziweka kando kidogo hisa, hati fungani na bei za bidhaa, ingawa dola yenyewe hatutaikimbia. Wengi wa wasomaji wetu wana mtoto, ndugu au mshirika wa biashara anayefanya kazi Marekani. Fedha za mtu huyo ndizo nyakati nyingine zinazokomboa kontena bandarini au kumalizia nyumba iliyokwama kwenye lenta. Na mtu huyo huyo akipiga simu nyumbani hulalamika: aliambiwa kwamba akiba ya uzeeni inawekwa "bila kodi", ameweka, lakini makato kwenye mshahara wake hayakushuka kama alivyotarajia.

Malalamiko hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ni kutofahamu kwamba mshahara wa Marekani hukatwa kodi mbili zisizofuata sheria moja. Anayezichanganya hupiga hesabu mbovu anapoweka akiba, na hupiga hesabu mbovu zaidi siku anapoichota ili aje kuanzisha biashara nyumbani.

Ushahidi uko kwenye karatasi iitwayo W-2, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi wake mwishoni mwa Januari kuonyesha mapato na makato ya mwaka uliopita. Tuseme mfanyakazi ana mkataba wa dola 60,000 kwa mwaka. Katika hizo anaweka dola 6,000 kwenye akaunti ya uzeeni aina ya 401(k), ambayo ndiyo mpango wa kawaida wa makampuni binafsi. Dola nyingine 2,400 hukatwa kulipia bima ya afya kupitia mpango wa mwajiri. Akiifungua W-2 yake, kisanduku cha 1 kinasema dola 51,600. Kisanduku cha 3 na cha 5 vinasema dola 57,600. Mkataba wake unasema 60,000.

Mtu mmoja, kazi moja, mishahara mitatu. Wapo wanaokwenda kumgombeza karani wa mishahara kwa hilo. Karani hajakosea.

Kodi mbili, milango miwili

Kisanduku cha 1 ni cha kodi ya mapato, ile inayopanda ngazi kadiri kipato kinavyoongezeka. Visanduku vya 3 na 5 ni vya kodi inayojulikana kwa kifupi FICA, ambayo hukatwa kwenye mshahara ili kugharamia Hifadhi ya Jamii, yaani pensheni ya taifa, na Medicare, yaani bima ya afya ya wazee. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 kwa ajili ya Hifadhi ya Jamii na asilimia 1.45 kwa ajili ya Medicare, jumla asilimia 7.65. Mwajiri naye hulipa kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake. FICA haina ngazi wala kima cha msamaha. Huanza kukatwa kwenye dola ya kwanza. Ndiyo maana kijana wa kazi za chini anaweza kuona kodi yake ya mapato ni ndogo sana, huku FICA ikimng'ata kila wiki mbili.

Sehemu ya Hifadhi ya Jamii ina dari. Kwa mwaka 2025 dari hiyo ilikuwa mshahara wa dola 176,100, na kwa mwaka 2026 ni dola 184,500. Kinachozidi hapo hakikatwi ile asilimia 6.2. Sehemu ya Medicare haina dari tangu 1994, na tangu 2013 mishahara inayozidi dola 200,000 hukatwa asilimia 0.9 zaidi. Hao si wengi miongoni mwa jamaa zetu, kwa hiyo tunawapita.

Sasa turudi kwenye mchango wa akiba. Dola 6,000 zilizokwenda 401(k) zimeondolewa kwenye kisanduku cha 1, kwa hiyo kodi ya mapato haizigusi mwaka huo. Lakini hazikuondolewa kwenye kisanduku cha 3 wala cha 5. Zimekatwa FICA kama mshahara mwingine wowote. Bima ya afya, dola 2,400, imeondolewa kote kote, kwa sababu ikilipwa kupitia mpango wa mwajiri unaokubaliwa na sheria huepuka kodi zote mbili. Tofauti ya visanduku hivyo ndiyo hiyo tu.

Kwa fedha taslimu hesabu ni hii. Mfanyakazi wetu, akiwa hana mke wala mtoto wa kumwombea punguzo, kwa viwango vya 2025 yumo katika ngazi ya asilimia 12 ya kodi ya mapato. Kwa kuweka dola 6,000 ameahirisha kodi ya dola 720. FICA yake ni asilimia 7.65 ya dola 57,600, yaani dola 4,406.40, na ingekuwa hiyo hiyo hata kama asingeweka senti moja kwenye akiba. Aliyetarajia FICA nayo ipungue alikuwa akingojea dola 459 ambazo sheria haijamwahidi.

Msomaji aliyezoea hesabu ya hapa Tanzania, ambako mchango wa NSSF hutolewa kwanza kwenye mshahara ndipo PAYE inapigwa kwenye kinachobaki, asidhani mambo ni yale yale. Hapa kwetu mchango wa hifadhi ya jamii unapunguza kodi ya mapato. Kule, FICA yenyewe haipunguzi kodi ya mapato ya mwajiriwa hata kidogo, na akiba ya hiari haipunguzi FICA. Ni ukuta kila upande.

Kwa nini iwe hivyo

Ukuta huo haukuwapo tangu mwanzo. Makato ya Hifadhi ya Jamii yalianza Januari 1937, kwa asilimia 1 tu kwa mfanyakazi na asilimia 1 kwa mwajiri, kwenye dola 3,000 za kwanza za mshahara. Kifungu cha 401(k) kilikuja baadaye sana, ndani ya sheria ya kodi ya 1978, na kikaanza kutumika 1980. Mwaka 1981 mamlaka ya kodi ya Marekani ilitoa kanuni zilizoonyesha kwamba mfanyakazi anaweza kukubali mshahara wake upunguzwe na sehemu hiyo iingizwe kwenye akaunti ya uzeeni. Makampuni yakachangamka. Kwa kipindi kifupi, fedha hizo zilikuwa zikiepuka kodi ya mapato na FICA kwa pamoja.

Wakati huo huo mfuko wa Hifadhi ya Jamii ulikuwa ukikauka. Tume iliyoongozwa na Alan Greenspan, ambaye baadaye alikuja kuongoza benki kuu ya nchi hiyo, ilipeleka mapendekezo yake, na Aprili 1983 Rais Ronald Reagan akatia saini marekebisho makubwa. Umri wa kupata pensheni kamili ukaongezwa, sehemu ya pensheni ikaanza kutozwa kodi, na kimya kimya likaingizwa sharti kwamba kuanzia 1984 mishahara inayoelekezwa kwenye 401(k) ihesabiwe kuwa mshahara kwa ajili ya FICA. Mantiki yake inaeleweka: kama kila anayeweka akiba binafsi angejiondoa pia kwenye mchango wa taifa, mfuko uliokuwa tayari mgonjwa ungezidiwa.

Kwa maoni ya ukurasa huu, sharti hilo halikuwa hasara tupu kwa mwenye kipato kidogo. Pensheni ya Hifadhi ya Jamii hukokotolewa kutokana na miaka 35 iliyo bora ya mshahara uliokatwa FICA, na kanuni yake humrudishia mtu wa mshahara mdogo sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake kuliko inavyomrudishia tajiri. Dola 6,000 zikifutwa kwenye kisanduku cha 3 mwaka hadi mwaka, pensheni ya uzeeni nayo ingepungua.

Kanuni hiyo ya kukatwa mlangoni inazihusu pia ndugu za 401(k): mipango ya 403(b) ya walimu na watumishi wa hospitali inayotokana na makato ya mshahara, na mipango ya SIMPLE ya makampuni madogo. Akaunti binafsi ya IRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1974, haina hata haja ya kuelezwa kwa kirefu. Mtu huichangia kwa fedha ambazo zimekwisha kupita kwenye mshahara na kukatwa FICA. Kinachoweza kurudi ni punguzo la kodi ya mapato tu.

Vipi kuhusu akaunti za Roth, ambazo fedha huwekwa baada ya kulipiwa kodi ya mapato ili zisitozwe tena zinapochotwa uzeeni? Vijana wengi hubishana kama wachague Roth au ile ya kawaida, na wengine huingiza FICA kwenye ubishi huo. Waitoe. Zote mbili hukatwa FICA sawasawa wakati wa kuweka, na zote mbili hazikatwi wakati wa kutoa. Ubishi ubaki kwenye swali moja: je, ngazi yako ya kodi ya mapato ni kubwa leo, au itakuwa kubwa siku ya kuchota?

Hata hivyo, kisanduku cha 3 kimeanza kupewa kazi nyingine. Kuanzia 2026, mwenye umri wa miaka 50 au zaidi ambaye mshahara wake wa kisanduku hicho, kwa mwajiri huyo huyo, ulizidi dola 150,000 mwaka uliotangulia, akitaka kuweka kile kiasi cha ziada kinachoruhusiwa kwa watu wa umri wake, lazima akiweke kwa mtindo wa Roth.

Fedha pekee inayopita bila kuguswa

Kuna fedha moja inayoingia kwenye 401(k) bila FICA na kutoka bila FICA: mchango wa mwajiri. Tuseme mwajiri wa mfanyakazi wetu ameahidi kuongeza senti 50 kwa kila dola anayoweka. Kwa dola 6,000 anaongezewa dola 3,000. Fedha hizo hazionekani kwenye kisanduku cha 1, wala cha 3, wala cha 5. Mwajiri hazilipii FICA, na mfanyakazi hakatwi.

Mfanyabiashara anayesoma hapa ataona mara moja maana yake. Mwajiri akimpandishia mtu mshahara kwa dola 3,000, mfanyakazi hukatwa FICA ya dola 229.50 kabla hata ya kodi ya mapato, na mwajiri hulipa dola nyingine 229.50 juu ya nyongeza yenyewe. Akizipitisha kwenye akiba ya uzeeni, dola 459 hazitoki kwa yeyote kati yao. Ndiyo sababu makampuni mengi ya kule hupenda kujinadi kwa ukarimu wa mchango wa 401(k) kuliko kwa mshahara. Si ukarimu mtupu, ni hesabu pia. Na mfanyakazi asiyeweka kiasi cha kutosha kupata mchango wote wa mwajiri anaacha mezani fedha ambayo hata mtoza kodi hakuitaka.

Lakini kuna mtego. Alichoweka mfanyakazi mwenyewe ni chake tangu siku ya kwanza. Alichoweka mwajiri kinaweza kufungwa kwa masharti ya muda wa utumishi, hadi miaka 3 kama kinakabidhiwa kwa mkupuo au hadi miaka 6 kama kinakabidhiwa kidogo kidogo. Jamaa zetu wana desturi ya kuhama kazi na majimbo kufuata mshahara mzuri zaidi. Kabla ya kuaga, afadhali waulize ni miezi mingapi imebaki.

Aliyejiajiri

Madereva wenye malori yao, wasusi, wenye kampuni ndogo za usafi na za kulea wazee: hao ni wengi katika jamii ya Waafrika Mashariki walioko Marekani, na hao ndio hukosea zaidi. Aliyejiajiri hulipa sehemu zote mbili, ya mfanyakazi na ya mwajiri, asilimia 15.3, zikipigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida yake.

Chukua mwenye lori aliyebaki na faida ya dola 50,000 baada ya gharama. Kodi yake ya kujiajiri ni takriban dola 7,065. Anaambiwa aweke dola 8,000 kwenye akaunti ya SEP, ambayo ni aina ya akiba ya uzeeni ya wenye biashara, ili "apunguze kodi". Anaweka. Kodi ya mapato inapungua kweli. Kodi ya kujiajiri inabaki pale pale, dola 7,065, kwa sababu mchango anaojiwekea mwenyewe haukubaliwi kuwa gharama ya biashara. Hutolewa kwenye fomu nyingine, baada ya faida kwisha kujulikana.

Kama dola zile zile 8,000 angezitumia kununua matairi ya lori, faida ingeshuka hadi 42,000 na kodi ya kujiajiri ingepungua kwa takriban dola 1,130. Hatusemi watu wanunue matairi badala ya kuweka akiba. Tunasema anayelinganisha vitu hivyo viwili ajue kwamba kwenye daftari la FICA havina uzito mmoja. Mchango anaowawekea wafanyakazi wake, tofauti na wake mwenyewe, ni gharama halali ya biashara na hupunguza kodi zote mbili.

Siku ya kuchota

Hapa ndipo sheria inapolipa fadhila. Fedha ikitoka kwenye 401(k), IRA au pensheni ya kampuni, haikatwi FICA. Haijalishi kama ni mchango wako uliokwisha kulipiwa, mchango wa mwajiri ambao haukulipiwa kamwe, au faida iliyozaliwa na hisa kwa miaka 30. Karatasi inayotolewa ni 1099-R, si W-2, na haina kisanduku cha FICA. Mzee wa miaka 66 akichota dola 10,000 anadaiwa kodi ya mapato tu. Dola 765 ambazo angekatwa kama zingekuwa mshahara hazimhusu.

Kuna faida nyingine inayosahaulika. Mtu anayeanza kupokea pensheni ya Hifadhi ya Jamii kabla ya umri kamili, huku bado anafanya kazi, huzuiliwa dola 1 ya pensheni kwa kila dola 2 za kipato cha kazi zinazozidi kiwango fulani. Kwa 2026 kiwango hicho ni dola 24,480 kwa mwaka. Fedha anazochota kwenye akiba yake si kipato cha kazi, kwa hiyo hazihesabiwi. Lakini huhesabiwa mahali pengine: zikiunganishwa na mapato mengine na nusu ya pensheni hiyo, zikavuka dola 25,000 kwa asiye na ndoa au 32,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja, sehemu ya pensheni yenyewe huanza kutozwa kodi ya mapato. Viwango hivyo viliwekwa 1983 na havijawahi kupandishwa, ingawa bei za vitu hazikusubiri.

Basi kama FICA haipo, kwa nini watu hulia wanapochota mapema? Kwa sababu wanakutana na mambo matatu mengine.

Turudi kwa mfanyakazi wetu wa dola 60,000. Tuseme ana miaka 40, aliacha kazi Desemba 2025, na kabla ya mwaka kwisha akachota dola 20,000 kwenye 401(k) yake ili alete mtaji wa duka Kariakoo. Kwanza, msimamizi wa akaunti analazimika kuzuia asilimia 20, dola 4,000, kwa ajili ya kodi ya mapato. Mkononi anapata 16,000. Wengi hudhani wamemalizana na serikali hapo. La. Pili, dola 20,000 zinaongezwa juu ya kisanduku chake cha 1, na kwa viwango vya 2025 sehemu ya kwanza ya fedha hizo inatozwa asilimia 12 na dola 7,375 za juu zinaangukia ngazi ya asilimia 22. Kodi inakuwa dola 3,137.50. Tatu, kwa kuwa hajafikisha miaka 59 na nusu, anaongezewa kodi ya adhabu ya asilimia 10, dola 2,000. Jumla dola 5,137.50. Zilizozuiwa ni 4,000, kwa hiyo anadaiwa dola 1,137.50 nyingine, huku zile 16,000 zimekwisha kugeuka shehena ya vitenge. Katika majimbo yenye kodi yake ya mapato, deni linaongezeka.

Angeiomba kampuni ihamishe fedha moja kwa moja kwenye IRA, asingezuiwa chochote wala kudaiwa chochote. Aliyekwisha kupokea hundi ana siku 60 za kuirudisha kwenye akaunti ya uzeeni, ila arudishe zote 20,000, ikimaanisha kuitafuta kwingine ile 4,000 iliyozuiwa na kuidai baadaye. Aidha, aliyeacha kazi katika mwaka anaotimiza miaka 55 au baada ya hapo hatozwi adhabu kwenye 401(k) ya mwajiri huyo. Akiihamishia IRA kwanza, msamaha huo unapotea. Tahadhari hiyo ni ya thamani kwa anayepanga kurudi nyumbani akiwa na miaka 56 au 57.

Upande wa pili wa umri, sheria humlazimisha mtu kuanza kuchota kiasi fulani kila mwaka akifikisha miaka 73. Hata hizo hazina FICA.

Anayerudi nyumbani

Swali linaloulizwa zaidi vijiweni ni kama mtu aliyekatwa FICA kwa miaka 6 au 7 kisha akarudi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaweza kurudishiwa. Jibu ni hapana. Ili kupata pensheni ya uzeeni kwa mchango wake mwenyewe, mtu anahitaji pointi 40, na haziwezi kupatikana zaidi ya 4 kwa mwaka, yaani miaka 10 ya kazi. Marekani ina mikataba na nchi kadhaa inayoruhusu kuunganisha miaka ya mchango ya huku na ya kule. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Miaka ya FICA haiunganishwi na miaka ya NSSF.

Tofauti ya asili ya fedha hizi mbili iliwahi kupimwa mahakamani. Ephram Nestor, mhamiaji kutoka Bulgaria, alichangia FICA kwa miaka 19 na akaanza kupokea pensheni. Mwaka 1956 alifukuzwa nchini kwa sababu ya uanachama wake wa zamani katika Chama cha Kikomunisti, na pensheni ikakatwa. Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mchangiaji wa Hifadhi ya Jamii hana haki ya umiliki juu ya mafao hayo kama ile ya mwenye mali. 401(k) ni kitu kingine. Iko kwa jina la mwenyewe, ina hisa na dhamana ndani yake, na haipotei kwa sababu mwenyewe amehamia Tabata.

Lakini nayo ina foleni yake. Asiye raia wala mkazi wa Marekani, anapochota akiwa nje, kwa kawaida huzuiwa asilimia 30, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kupunguza kiwango hicho. Anayeona amezuiwa kuliko anavyodaiwa hujaza fomu 1040-NR na kudai tofauti. Mwenye uraia wa Marekani hutozwa kama raia mwingine popote alipo.

Wanafunzi wenye viza za F-1 na J-1 wana habari njema kidogo. Kwa kawaida katika miaka yao 5 ya kwanza ya kalenda huhesabiwa si wakazi, na kazi inayoruhusiwa na viza hiyo haikatwi FICA kabisa. Waajiri wengi hawalijui hilo na huwakata. Anayekuta tarakimu kwenye kisanduku cha 4 au cha 6 aanze kwa kumwomba mwajiri amrudishie. Akikataa, kuna fomu 843 ya kuiomba mamlaka ya kodi.

Jambo la mwisho ni la kufanya jioni moja tu. Ofisi ya Hifadhi ya Jamii huweka kumbukumbu ya mshahara wa kila mwaka wa kila mchangiaji, na mwenyewe anaweza kuiona. Tarakimu ya kulinganisha nayo ni ya kisanduku cha 3, si cha 1; anayeshika cha 1 atadhani amedhulumiwa dola 6,000 kila mwaka. Zikitofautiana kweli, muda wa kawaida wa kuomba marekebisho ni miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka husika kwisha, na ushahidi unaotakiwa ni ile ile W-2. Zisitumike kufungia maandazi.